Mashua ya Tanga Iendayo kwa Barabara

Mashua ndogo ya tanga inayobebwa kwa trela ni chombo kilichochorwa na barabara kabla ya kuchorwa na maji. Upana wake uliamuliwa na sheria za barabarani, uzito wake uliamuliwa na nguvu ya gari la familia, na umbo la mkuku wake lilitokana na haja ya kukaa chini karibu na ekseli. Mmiliki wa chombo hicho huwa na mali tatu kwa pamoja: mashua, trela, na gari la kuvutia. Mashua ndiyo inayopigwa picha. Hizo mbili nyingine ndizo zinazoamua kama safari itakuwapo.

Kwao mashua za aina hii ni Marekani, na wakati wake mkubwa ni miaka ya 1960 na 1970. Mambo kadhaa yalikutana hapo. Mwaka 1956 ilipitishwa sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo, na familia ya kawaida ikaweza kuendesha gari kilomita mia tano kwa siku bila kuona ajabu. Magari yenyewe yalikuwa makubwa, mengi yakiwa na injini ya silinda nane, na petroli ilikuwa rahisi. Huko magharibi, mito ilikuwa imezuiwa kwa mabwawa makubwa, nayo maziwa yakatokea mahali palipokuwa jangwa: Lake Mead nyuma ya bwawa la Hoover katika miaka ya 1930, na Lake Powell, iliyoanza kujaa mwaka 1963. Kukawa na maji mengi, mbali na bahari, na watu wasio na bandari.

Kilichokamilisha shughuli ni faiba. Mashua ya mbao ikikaa juani juu ya trela hukauka, mbao zikasinyaa na maungio yakaachana. Wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hilo vizuri, na ndiyo maana kazi ya kalafati haiishi. Mashua iliyomiminwa kwa faiba na resini haina maungio ya kufunguka. Inaweza kukaa uani miezi minane, ikashushwa majini asubuhi moja, na isivuje. Bila sifa hiyo, trela lingebaki kifaa cha kuhamishia mashua mara moja kwa mwaka.

Uingereza walipita njia nyingine. Mwaka 1962 gazeti la Daily Mirror lilidhamini mashua ya plaiwudi yenye urefu wa mita 3.3, iliyobuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, fundi aliyejulikana kwa vipindi vyake vya televisheni. Iliitwa Mirror, ikauzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani. Vipande vilishonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakazibwa kwa utepe wa faiba na resini. Mtu wa Lamu aliyesimuliwa habari za mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, hatashangaa kwamba ushonaji ulifaa. Tofauti ni kwamba waya wa Mirror ulikuwa wa kushikiza tu. Resini ilipokauka, waya ulikatwa. Mashua nzima bila mlingoti ilikuwa na uzito wa kilo zisizofika 50, watu wawili waliipandisha juu ya gari, na zimeundwa zipatazo 70,000. Lakini Mirror haina chumba. Anayetaka kulala ndani ya mashua, kupika chai na kujikinga mvua, anarudi kwenye hesabu za Wamarekani.

Hesabu hizo zinaonekana wazi katika mashua moja, Catalina 22, iliyobuniwa na Frank Butler huko California na kuingia sokoni karibu na mwaka 1970. Ina urefu wa mita 6.5, upana wa mita 2.3, na uzito wa kama tani moja. Zaidi ya 15,000 zimeundwa. Si mashua nzuri kuliko zote za rika lake, wala si ya kasi, lakini hakuna nyingine inayoonyesha vizuri hivyo jinsi barabara na maji vilivyopatanishwa.

Upana ndilo sharti la kwanza. Wakati Catalina inabuniwa, majimbo mengi ya Marekani yaliruhusu mzigo wa barabarani wenye upana usiozidi futi 8, yaani mita 2.44. Mwaka 1982 sheria ya shirikisho ilipanua kikomo cha malori katika barabara kuu hadi mita 2.6, na taratibu majimbo mengi yakakubali kipimo hicho hata kwa trela la mashua. Uingereza kikomo cha trela lenyewe ni mita 2.55. Anayezidisha kikomo mara nyingi huhitaji kibali, na hilo linaua kabisa raha ya kuondoka Ijumaa jioni. Kwa hiyo wabunifu walisimama sentimita chache kabla ya ukuta huo, na mashua za viwanda tofauti zikafanana upana kana kwamba zilikatwa na fundi mmoja.

Sasa, mashua ya tanga haisimami majini kwa bahati. Upepo unapolisukuma tanga, chombo hulala upande, na kinachokirudisha ni upana wake au uzito uliowekwa chini, au vyote viwili. Barabara imekataza upana. Gari nalo linakataza uzito. Tena uzito ulio chini sana ya maji ungehitaji mkuku mrefu, na mashua yenye mkuku wa mita moja na nusu ikipandishwa juu ya trela inakuwa ghorofa inayoyumba, isiyoweza kushuka majini ila kwa winchi kubwa ya bandarini. Jawabu la Butler lilikuwa mkuku wa kukunja: bamba la chuma cha kusubu lenye kama kilo 250, linaloning'inia kwenye pini moja chini ya mashua. Likipandishwa, mashua inahitaji maji ya sentimita 60 tu. Likishushwa, linafika mita 1.5. Kazi ya kulipandisha na kulishusha hufanywa kwa winchi ndogo iliyofichwa chini ya ngazi ya chumba.

Uerevu huo una gharama zake, na mwenye Catalina huzijua kwa sauti. Waya unaoshikilia mkuku hutetemeka mashua ikiongeza mwendo, ukatoa mvumo unaosikika chombo kizima. Mkuku nao hugonga kuta za uwazi wake mashua ikiyumba mahali ilipotia nanga. Sauti hizo zenyewe hazina madhara. Madhara yako kwenye pini inayolika polepole, tundu lake linalopanuka, na waya unaopata kutu ndani ya maji pasipoonekana. Waya ukikatika mkuku ukiwa juu, kilo 250 za chuma huanguka kwa mkupuo na zinaweza kupasua mashua kutoka ndani. Pini, waya na winchi ni vitu vya kubadilishwa kwa kalenda, kabla havijalalamika.

Roger MacGregor, mwenye kiwanda Costa Mesa, California, alilitafutia uzito jawabu jingine: kuuacha ziwani. Mashua zake za mita 7.9 zilizotoka kuanzia miaka ya 1980 zilikuwa na tanki chini ya sakafu, linalojazwa maji ya kutosha kufikia nusu tani na zaidi mashua ikishuka, na kumwagwa inapopandishwa. Farumi ya maji haina gharama na haivutwi na gari. Lakini maji yaliyo ndani ya maji hayana uzito wa kurudisha kitu. Huanza kufanya kazi mashua inapolala kiasi cha kuliinua tanki upande mmoja juu ya usawa wa maji. Ndiyo maana mashua hizo hulala haraka mwanzoni, kisha zikakaza. Sharti lake halina mjadala: tanki lijae pomoni. Tanki tupu huiacha mashua bila farumi, na tanki nusu ni baya vilevile, kwa sababu maji hukimbilia upande ule ule mashua inakolala. Kiwanda hicho kilifunga kazi mwaka 2013, na mashua zake bado zinauzwa mkono kwa mkono.

Kuna waliozichukua mashua ndogo kama hizi mbali kupita kiasi. Mwingereza Frank Dye aliondoka Scotland mwaka 1963 katika Wayfarer, mashua ya wazi ya mita 4.8 isiyo na chumba, akafika Iceland. Mwaka uliofuata akaenda Norway, akakutana na dhoruba zilizompindua na kumvunjia mlingoti. Safari hizo ni za kweli na zinavutia, ila zina kasoro moja: wasomaji wake wengi walijifunza kwamba mashua inaweza, wakasahau kwamba Dye alikuwa baharia wa aina adimu. Ziwa la bara lenye upepo wa ghafla kutoka milimani linatosha kumtesa mtu wa kawaida mwenye mashua ya kawaida.

Anayetaka kununua hukuta soko limejaa. Faiba haiozi, na Catalina ya mwaka 1975 bado inaelea. Katika Marekani mashua kama hiyo hupatikana kwa dola elfu chache, pengine pungufu ya thamani ya tanga jipya na injini mpya ya kupachika. Mnunuzi mwenye hekima huanza kwa kuchuchumaa chini, akatazama trela. Trela lililooza huweza kugharimu zaidi ya mashua iliyo juu yake, na mashua isiyo na trela zuri imefungwa mahali ilipo. Baada ya hapo hugongagonga sitaha kwa kifundo cha kidole. Katika mashua nyingi za wakati huo, sitaha ni matabaka mawili ya faiba yenye plaiwudi au mbao nyepesi katikati. Maji yakipenya kwenye tundu la bolti, mbao hiyo huoza kimya, na mlio mkavu wa kugonga hugeuka mzito. Kukarabati sitaha kunawezekana na ni kazi chafu. Waya za mlingoti zikiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na tano hubadilishwa bila kubishana nazo, hata kama zinang'aa.

Barabarani, jambo la kwanza ni mgawanyo wa uzito. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa trela inapaswa kukaa kwenye ndoano ya gari. Uzito ukirudi nyuma mno, trela likifika mwendo fulani huanza kupiga huku na huku kama mkia wa samaki, na kila mpigo huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Kwa hiyo injini ya kupachika, nanga, betri na madumu ya maji hupangwa kwa kufikiri. Kuvitupia nyuma kwa sababu ndiko vinakofikika ni kuuomba mkia huo uanze. Catalina ikiwa na trela na vifaa vyake hukaribia tani moja na nusu, na kwa uzito huo breki za trela si anasa. Uingereza, trela lililosajiliwa kubeba zaidi ya kilo 750 lazima liwe na breki; majimbo ya Marekani yana viwango mbalimbali, vingi vikizunguka kilo 1,360. Breki za trela la mashua mara nyingi huendeshwa na msukumo: gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huo hubana mafuta ya breki. Ni ufundi mzuri wa zamani, na hauna waya za umeme za kuharibiwa na maji ya chumvi.

Kisha kuna beringi, adui mkuu wa safari za namna hii. Baada ya saa mbili za barabara kuu, vitovu vya magurudumu huwa vya moto. Mwenye haraka hurudisha trela majini papo hapo. Hewa iliyo ndani ya kitovu hupoa ghafla na kusinyaa, na mvuto wake hufyonza maji kupita sili ya mpira. Siku hiyo hakuna kinachotokea. Maji hukaa ndani ya grisi, chuma hupata kutu wakati wa baridi, na msimu unaofuata gurudumu hukwama au kuchomoka mahali pasipo na gereji. Dawa ni kusubiri nusu saa vitovu vipoe, muda ambao hata hivyo unahitajika kwa kupanga kamba, na kufungua beringi kila mwaka kuzisafisha na kuzitia grisi mpya. Tairi nazo hudanganya. Trela la mashua hutembea kilomita chache kwa mwaka, hivyo meno ya tairi hubaki marefu huku mpira ukifa kwa jua. Namba nne za mwisho zilizopigwa ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na hizo ndizo za kusomwa.

Mahali pa kushushia, ambapo Wamarekani hujenga rampu ya zege inayoteremka majini, ndipo ujuzi na ndoa hupimwa hadharani. Trela hurudishwa nyuma kwa kugeuza usukani upande usiotarajiwa, mbele ya watu wenye subira ndogo. Mashua ya tanga ni mbaya zaidi kuliko ya injini kwa sababu hukaa juu; huhitaji kina kirefu kabla haijaelea, na wakati mwingine gari lingefika majini kwanza. Wengine huweka kipande cha chuma cha kurefushia shingo ya trela. Wengine hulifungua trela, wakaliteremsha kwa kamba nene, jambo linalofaa kufanywa polepole sana. Maji yenyewe pia hayaahidi. Lake Powell iliposhuka mwaka 2022 kufikia kina ambacho haikuwahi kushuka tangu ijae, rampu nyingi ziliishia kwenye udongo mkavu, na waliosafiri siku nzima wakarudi na mashua zao zikiwa kavu.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuhitaji mambo haya. Bamvua hupandisha na kushusha maji hadi mita nne, na ngalawa au dau huachwa mchangani na maji yenyewe, kisha huinuliwa nayo. Ziwa la bandia lisilo na maji kupwa na kujaa ndilo linalolazimisha rampu.

Kusimamisha mlingoti hufanywa kabla ya kushuka, mahali pa tambarare. Mlingoti wa Catalina una urefu wa mita saba na kitu, ni wa alumini, na unashikwa kwa pini chini yake ili uinuliwe kama mlango unaofunguka. Mtu mmoja huusukuma akiwa amesimama sitahani, mwingine huvuta waya wa mbele. Wasio na mwenzao hutumia nguzo fupi na kamba za gofia. Hatari kubwa hapa inatoka angani. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme unaua aliyeushika na aliyeegemea mashua, na watu wamekufa hivyo katika maegesho ya pembeni mwa maziwa. Anayetazama juu kwanza, kisha akaangalia njia yote kutoka maegesho hadi majini, amefanya kazi muhimu kuliko zote za siku hiyo. Mpaka matanga yafungwe na msukani upachikwe, saa moja au moja na nusu imekwisha. Watangazaji wa viwanda huandika dakika ishirini.

Majini, chombo hiki kina tabia zake. Ni chepesi, hujibu upepo mdogo, na hupenya mahali ambapo mashua kubwa haithubutu: vijito, ghuba zenye maji ya magotini, fukwe ambazo baharia hushuka bila kulowa kiuno. Kwa sababu hiyo mashua za trela zinapendwa sana katika maji ya Florida Keys na kwenye pwani ya Texas. Ubaya wake ni mawimbi mafupi ya mbele. Kupiga bisho katika mashua ya tani moja dhidi ya upepo mkali ni kazi ya kulowa na kusonga kidogo. Hapo trela hulipa fadhila. Wenye mashua hizi hutania kwamba chombo chao huenda joshi kwa kilomita 90 kwa saa, maana wanaosafiri kufuata upepo kwa siku tano wanaweza kurudi kwa barabara kwa nusu siku. Upepo ukiongezeka, tanga kuu hupunguzwa mapema, kabla mtu hajaona lazima. Mashua yenye mkuku mwepesi haisubiri uamuzi wa pili.

Chumba kinatosha watu wawili wanaopendana na wengine wawili wanaovumiliana. Kimo chake ni cha kukaa, kusimama hakupo.

Uwezo wa kuhama ziwa hadi ziwa umeleta madhara ambayo wabunifu hawakuyawaza. Kome wadogo wa milia kutoka maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi waligunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, wakiwa wameletwa na maji ya farumi ya meli. Ndugu zao, waitwao kwaga, walionekana Lake Mead mwaka 2007, upande wa pili wa nchi, mbali mno kwa kiumbe cha maji kufika peke yake. Mashua juu ya trela ndiyo iliyoshukiwa. Kome hao huziba mabomba ya mitambo ya maji na umeme na kunyang'anya samaki chakula, na hakuna ziwa kubwa lililofaulu kuwaondoa. Waliotazama magugu maji yakitanda Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Majimbo ya magharibi sasa yana vituo vya ukaguzi barabarani, ambapo mashua husimamishwa, ikaoshwa kwa maji ya moto ikibidi. Mashua ya tanga huchunguzwa zaidi: uwazi wa mkuku ni mahali pa giza na unyevu, na tanki la farumi ni ziwa dogo linalosafiri. Kumwaga maji yote, kusafisha na kukausha kabisa kabla ya ziwa jingine ni wajibu wa mmiliki, na katika majimbo mengi ni sheria.

Gharama za kila mwaka ni ndogo zikilinganishwa na kulipia nafasi bandarini, na hiyo ndiyo sababu kuu ya watu wengi kuchagua trela. Mashua inayolala uani hailipi kodi ya maji, haioti uchafu wa bahari chini, na haihitaji rangi ya sumu ya kuzuia wadudu. Lakini inaonekana kila siku kutoka dirishani, na urahisi wa kutokwenda ni mkubwa. Saa moja ya kufunga, saa moja ya kufungua, na barabara katikati: mmiliki mwenye siku moja tu ya mapumziko hujikuta anachagua kubaki. Ndiyo maana wengi huishia na mpango wa mchanganyiko, wakailaza mashua majini majira yote ya kiangazi mahali pamoja na kutumia trela mara mbili au tatu tu kwa mwaka, kwa safari ya mbali na kwa kurudi nyumbani.

Mwisho wa umiliki nao una taratibu zake. Mashua ya faiba isiyotakiwa haichomwi, haiozi, na haiyeyushwi ikawa kitu kingine. Ufaransa tangu mwaka 2019 ina mfumo wa kitaifa wa kuzibomoa mashua za burudani zilizochakaa, unaogharimiwa kwa ada inayotozwa mashua mpya zinapouzwa. Marekani, mahali pengi, mzigo ni wa mwenye chombo: hukata faiba vipande kwa msumeno na kulipia jalala kwa uzito. Kabla ya hapo huondoa mlingoti wa alumini na mkuku wa chuma, vinavyonunuliwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu, na huliuza trela. Trela zuri hupata mnunuzi ndani ya wiki.